Sijambo, lakini naumwa: jibu kwa msomaji mwenye baridi yabisi

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 41, na huu ni mwaka wa sita naishi na baridi yabisi. Kilichonifanya niandike si maumivu yenyewe, ni maneno. Kliniki huulizwa kwa Kiingereza maumivu yangu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, nami hubuni tu namba. Nilipoelezwa mara ya kwanza kwamba shida iko kwenye kinga ya mwili, mume wangu alinyamaza siku tatu. Baadaye nikajua alidhani nimeambiwa nina UKIMWI. Mama anasema ni baridi iliyoingia mifupani. Kwenye ibada nimeonywa nisiseme 'ugonjwa wangu', maana ukilitaja jambo unalikaribisha. Mdogo wangu anayesoma ng'ambo yeye anasema lugha yetu haina maneno ya kutosha ya maumivu, ndiyo maana watu wetu wanavumilia kuliko wengine. Mwaka jana nilipata nafuu kubwa, nikaacha dawa, nikarudi kitandani. Naomba kujua: lugha ninayotumia inaweza kunizidishia ugonjwa? Nibadilishe ninavyosema?"

Dada yangu, pole. Umeuliza swali moja, lakini mimi naona matatu yamefungwa pamoja. Je, maneno yanaweza kuharibu viungo vyako? Je, yanaweza kuongeza maumivu? Na je, yanaweza kukukosesha matibabu sahihi? Nayatenganisha kwa sababu majibu yake hayafanani. La kwanza ni hapana. La pili ni ndiyo, kwa kiasi. La tatu ni ndiyo kabisa, na mwaka jana lilikupata.

Tuanze na hapana. Ndani ya viungo vyako vingi vinavyokunjika kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Katika ugonjwa wako, askari wa kinga huuvamia utando huo kana kwamba ni kitu kigeni kilichoingia mwilini. Utando unavimba, unanenepa, na usipozuiwa unaanza kula gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa) na mfupa wa jirani. Ndiyo maana vidole vya mikono yote miwili huamka vimekaza asubuhi na kuchukua saa nzima au zaidi kulegea. Kazi hiyo inaendelea ukiwa kimya na inaendelea ukiwa unaongea. Ukisema "ugonjwa wangu", utando hausikii. Ukisema "siupokei", hausikii vilevile.

Kwa hiyo aliyekuonya kwenye ibada, nina hakika kwa nia njema, amekupa mzigo ambao si wako. Hukuuita ugonjwa huu kwa kuutaja. Imani yako siigusi. Nimeona wagonjwa wengi ambao sala iliwabeba mahali ambapo mimi nilikuwa sina la kuwaambia. Ninachoomba ni kwamba kukataa kushindwa kusigeuke kukataa kutaja. Asiyetaja hasemi tarehe yalipoanza, hasemi dawa anazomeza, na hakumbushwi kipimo cha damu. Wazee walishatuachia neno gumu kuhusu hilo: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa mama yako na baridi yake. Kabla hujamcheka, litazame jina lenyewe la ugonjwa. "Yabisi" ni Kiarabu, maana yake kavu. Baridi na kavu. Hayo si maelezo ya hali ya hewa. Ni mabaki ya tiba ya kale ya Wagiriki iliyopangwa na tabibu Galen katika karne ya 2, ikaendelezwa na matabibu akina Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, kila moja na tabia yake ya joto au baridi, unyevu au ukavu. Ugonjwa ulikuwa ni majimaji hayo kukosa mizani. Nadharia imekufa zamani, lakini jina limebaki mdomoni mwetu, na kila tunapolitamka linatufundisha chanzo ambacho si chanzo. (Saratani nayo ni hivyo hivyo: kwa Kiarabu ni kaa, yule wa baharini, kwa sababu Wagiriki waliona mishipa iliyotuna kuzunguka uvimbe wakakumbuka miguu ya kaa. Hakuna anayetafuta kaa mwilini, lakini baridi tunaitafuta kweli.)

Mama hajazusha, basi. Amerithi. Na ana haki kidogo: joto halitibu ugonjwa huu, lakini maji ya uvuguvugu asubuhi hulegeza viungo vilivyokaza, na siku za baridi wengi husikia maumivu zaidi. Mwache akufunike. Tatizo ni pale jina linapomfanya mtu avae sweta miaka mitatu badala ya kuja kupimwa, kwa sababu sehemu kubwa ya uharibifu wa viungo hutokea miaka ya mwanzo, wakati mtu bado anadhani atajikinga na upepo tu.

Kuhusu mumeo na zile siku tatu za ukimya. Hilo si la kumlaumu yeye. Kwa wengi wetu neno "kinga" lilijulikana kupitia UKIMWI, ambao ndani ya jina lake mna "upungufu wa kinga mwilini". Mtu aliyekulia katika miaka ya hofu ile akisikia "kinga yako ina shida", sentensi inajimalizia yenyewe kichwani. Mwambie hivi: katika UKIMWI kinga inapungua kwa sababu ya virusi, katika ugonjwa wangu kinga ipo ya kutosha, ila inakosea shabaha. Hauambukizi, si kwa kitanda kimoja wala kwa kikombe. Na ukiweza, mwende naye kliniki mara moja asikie mwenyewe, aulize anachoogopa kukuuliza wewe.

Kuna maneno mengine mawili ya kuangalia. "Uvimbe" kwetu ni kuvimba kwa kidole kilichobanwa na mlango, na ni uvimbe wa saratani pia. Nimewahi kumwambia mama mmoja ana uvimbe kwenye viungo, akatoka akiwa ameshaanza kugawa mali kichwani. Na "mishipa" ndiyo balaa zaidi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano inayoshika msuli, vyote ni mshipa. Ukisema "mishipa inaniuma", daktari mmoja atafikiria damu na mwingine atafikiria neva. Suluhisho ni la kitoto, lakini linafanya kazi: nyoosha kidole. Gusa panapouma, na umwombe daktari naye aguse anapozungumzia.

Nije kwa mdogo wako, kwa sababu hapa sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ronald Melzack, aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha dodoso la maumivu lenye maneno 78 yaliyopangwa katika makundi 20, baada ya kugundua kwamba kuuliza "yanauma kiasi gani" peke yake kunaacha nje sehemu kubwa ya habari. Maumivu yana aina, na aina inasema chanzo. Sasa hesabu yetu tu, bila kufungua kamusi: yanachoma, yanawaka, yanawasha, yanakata, yanavuta, yanasokota, yanapwita, yanagonga, yanadunga, yanafukuta, yanakereketa. Kuna ganzi, kuna kichomi, kuna kukaza. Tumbo linasokota, goti halisokoti. Jipu linapwita, koo linakereketa. Lugha yenye utaratibu mkali namna hiyo haina upungufu. Upungufu uko kwa anayeuliza kwa namba peke yake.

Kuna jambo katika sarufi yetu linalonipendeza. Tunasema "goti linaniuma", na kitenzi ni kile kile cha mbwa anayeuma. Goti ndilo linalotenda, mimi ninatendwa. Hata "naumwa" ni kutendwa. Sitajenga nadharia juu yake, maana sijaona ushahidi kwamba sarufi hiyo inapunguza au kuongeza maumivu. Lakini wagonjwa wangu wanaosema "leo vidole vimeamka vibaya", kana kwamba vidole ni watoto wakorofi nyumbani, huonekana kupata upenyo mdogo kati yao na maumivu. Kama unao upenyo huo, usiuache.

Na hilo la kwamba watu wetu wanavumilia kuliko wengine, mwambie mdogo wako ajihadhari nalo, kwa kuwa lina historia mbaya. Mwaka 2016 utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ulionyesha kwamba nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wazungu walio mafunzoni waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kama vile kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Waliokuwa na imani hizo walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo, na mapendekezo yao ya matibabu yakapungua usahihi. Kinachotofautiana sana kati ya jamii na jamii ni namna ya kuonyesha maumivu: nani analia, mbele ya nani, na kwa kutarajia nini. Mtafiti Mark Zborowski aliliandika hilo mwaka 1952 kuhusu wagonjwa wa asili mbalimbali katika hospitali moja ya New York. Mtu aliyefundishwa kunyamaza haumii kidogo. Anahudumiwa kidogo.

Sasa ile ndiyo ya kiasi. Maumivu hayasafiri kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo kama maji kwenye bomba. Mwaka 1965 Melzack na mwenzake Patrick Wall walipendekeza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna mfano wa lango, na kwamba ubongo wenyewe hutuma amri za kulifungua au kulibana kulingana na hofu, umakini na maana ya tukio. Mambo mengi ya undani yamesahihishwa tangu hapo, lakini wazo la msingi limesimama. Kabla yao, mwaka 1946, daktari Henry Beecher alieleza alichokiona kwa askari waliojeruhiwa vibaya katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia: takriban robo tatu yao hawakutaka dawa ya maumivu walipoulizwa. Alidhani sababu ni maana ya jeraha. Kwa askari, jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai.

Na si hadithi za kisaikolojia tu. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa watu waliong'olewa magego dawa bandia. Baadhi yao walipata nafuu. Walipowapa kemikali inayozuia afyuni asilia za mwili, nafuu ikapungua. Maana yake, matumaini ya mgonjwa yalikuwa yameuamsha mwili utoe dawa yake wenyewe. Upande wa pili wa shilingi upo pia: ukitarajia kudhurika, unaweza kupata kichefuchefu na uchovu kutoka kwenye kidonge kisicho na kitu. Hapo lugha yetu inatuponza, kwa sababu yale yanayotokea kando ya tiba tunayaita "madhara", yaani hasara tupu, hata kama ni mdomo kukauka tu. Ukisoma kikaratasi cha dawa, uliza yapi hutokea mara nyingi na kupita, na yapi ni adimu lakini ya kukimbilia hospitali. Yasilale yote kwenye kapu moja.

Kwa hiyo ndiyo, maneno yanayokuzunguka yanaweza kuupandisha au kuushusha ukali wa maumivu kiasi fulani. Ukiishi ukiambiwa umelogwa au umekosea mahali, lango linabaki wazi. Lakini usinielewe vibaya: kupunguza maumivu si kuzuia ugonjwa kula kiungo. Hata dawa za kutuliza maumivu za kawaida, kama diklofenaki, haziuzuii. Zinanyamazisha kengele, moto unabaki, na zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huumiza tumbo na figo.

Namba, sasa. Kwa nini unabuni? Kwanza, kwa sababu unaulizwa kwa lugha ambayo hukujifunza kulilia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watu waliokua na Kituruki kisha wakajifunza Kiingereza walipimwa jasho la ngozi walipokuwa wakisikia makaripio ya utotoni. Makaripio yale yale yaliwashtua zaidi kwa Kituruki. Lugha ya pili huja na ubaridi. Ubaridi huo una faida yake, watu wengine hulitamka jambo la aibu kwa urahisi kwa lugha ya kigeni, ila kwa maumivu unaweza kukufanya usikike kama mtu anayesimulia ya jirani. Pili, kwa sababu ya salamu zetu. "Hujambo" ni kuuliza kama huna jambo, na jibu la kwanza limeshapangwa: sina. "Habari?" "Nzuri." Kisha, baada ya pumzi, ndipo inakuja ile "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Sisi tunajua kuisubiri "ila". Daktari mwenye foleni ya watu arobaini ameshaandika "hana malalamiko" kabla haijafika.

Ninachowashauri wagonjwa wangu ni kuanza na "ila". Andika siku moja kabla, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yako, mambo matatu: yanauma namna gani, saa ngapi, na yamekuzuia kufanya nini. "Vidole vinakaza hadi saa tatu asubuhi, wiki hii nimeshindwa kufunga vifungo vya blauzi mara nne." Sentensi hiyo inaniambia mengi kuliko "saba juu ya kumi". Namba nayo ipe mizizi yako mwenyewe. Chagua maumivu mabaya kuliko yote uliyowahi kupata, yawe kumi, kwa wengi ni uchungu wa kuzaa, na siku ambayo hukukumbuka kabisa kuwa una vidole iwe sifuri. Tumia kipimo hicho hicho kila safari. Daktari haihitaji namba yako ili akulinganishe na mgonjwa mwingine. Anaihitaji akulinganishe wewe na wewe wa miezi mitatu iliyopita. Na ikibidi kutafsiriwa, omba mhudumu au mtu mzima unayemwamini, usimtumie mwanao. Mtoto atapunguza anachosikia ili asiogope, na kuna mambo hutayasema mbele yake.

Nimefika mahali nilipotaka kufika, ambapo ndipo ulipoumia: nafuu.

Magonjwa tuliyojifunzia kuzungumza ni yale yanayokuja na kuondoka. Mtu anaumwa, anapewa dawa, anapona, au anafariki. Hata neno "dawa" kwetu limebeba kazi ya kumaliza: dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya moto ni moto. Kidonge unachomeza miaka sita bila ugonjwa kwisha kinasikika kama dawa iliyoshindwa, kumbe ndicho kinachofanya kazi. Juu yake tukafundishwa, na ni mafundisho mazuri kwa malaria na maambukizi ya bakteria, "maliza dozi". Kwa ugonjwa wako hakuna dozi ya kumaliza. Wenye shinikizo la damu wana mtego kama huo: "presha imepanda", "presha imeshuka", kana kwamba ni homa inayosikika, wakati mara nyingi haisikiki kabisa. Mwanasaikolojia Howard Leventhal na wenzake walionyesha mwaka 1985 kwamba wagonjwa wapya walioiona presha kama ugonjwa wa kupita waliacha matibabu zaidi ya wale walioiona ni ya kudumu. Haya si matatizo yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, kiasi cha nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu hufuata tiba walivyoelekezwa.

Lakini sisi tuna neno ambalo lugha nyingine zingelitamani. Kati ya kuumwa na kupona, Kiswahili kimeweka nafuu, na ahueni. Nafuu si kupona na si kuumwa. Unaweza kuwa na nafuu wiki moja, mwaka, miaka kumi. Ina kipimo, huongezeka na kupungua. Hiyo ndiyo hali ninayoitafuta kila ninapokuandikia dawa: nafuu ya kudumu, viungo vimetulia, vipimo vya damu vimeshuka. Kosa la mwaka jana halikuwa kufurahia nafuu. Uliisoma kama kupona, na ilikuwa imeshikiliwa na dawa zile zile ulizoziacha. Siku hizi siwaambii wagonjwa "umepona" wala "hutapona". Nawaambia ugonjwa umelala, na dawa ndiyo inayoubembeleza. Wanaelewa, hasa waliowahi kulea.

Kama dawa yako kuu ni methotreksati, kama ilivyo kwa wengi wenye ugonjwa huu, narudia ingawa utakuwa umeambiwa: humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile, si kila siku. Watu wamepoteza maisha kwa kuimeza kila siku kwa sababu tu "kunywa dawa" katika masikio yao ni asubuhi na jioni. Andika jina la siku juu ya kopo. Huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usiihukumu mwezi wa kwanza. Inahitaji vipimo vya damu vya kuangalia ini na uboho, na haifai kabisa kwa ujauzito. Ukiwaza mtoto, zungumza na daktari kabla, si baada. Na kama unameza prednisoloni kwa muda mrefu, usiiache ghafla hata ukijisikia mzima, kwa kuwa mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo na unaweza kuzimia. Siku nafuu ikidumu kwa miezi mingi, unaweza kuuliza kuhusu kupunguza. Hupunguzwa na daktari, ngazi kwa ngazi, na vipimo mkononi.

Umeuliza ubadilishe unavyosema. Machache tu. "Ugonjwa wangu" ni sawa, sioni ubaya. Ni wako kama vile safari ni yako, kusema hivyo si kuupenda. Neno ninalolipunguza ni "mgonjwa" likitumika kama jina la mtu mchana kutwa. Mwaka 1983 huko Denver, Marekani, watu wenye UKIMWI walitoa tamko wakikataa kuitwa wahanga, wakitaka waitwe watu wenye UKIMWI, na sehemu ya heshima tunayoisikia leo katika "watu wanaoishi na" ilitoka kwenye ubishi wa namna hiyo. Wewe ni mtu mwenye baridi yabisi, na siku nyingine wewe ni mgonjwa, na ni ruhusa kusema hivyo siku hiyo ili uache kufua. Lugha ya vita, ambayo mwenyewe niliiangukia pale juu niliposema askari, itumie ikikupa nguvu. Ikikufanya uone kwamba kila siku mbaya ni kushindwa kwako, iache. Vita ya miaka arobaini inachosha hata jemadari.

Hukuandika kuhusu moyo wako, nami nataka kuuliza. Katika Kiswahili huzuni nzito mara nyingi haitajwi kwa jina la sonona. Husemwa "ana mawazo", "moyo mzito", "mwili hauna nguvu". Zimbabwe, kwa Kishona, huitwa kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na mpango wa daktari wa akili Dixon Chibanda wa kuwafundisha bibi wa jamii kusikiliza watu kwenye benchi uliutumia msamiati huo huo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sonona huwapata wenye baridi yabisi zaidi ya watu wengine, na inatibika. Kama mawazo yamekunyima usingizi na hamu kwa wiki mbili au zaidi, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo ya "mawazo". Kama umefikia kuona bora ufe, nenda leo, usingoje siku ya kliniki.

Usingoje kliniki pia ukiona haya: kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina moto na una homa, maana inaweza kuwa ni maambukizi ndani ya kiungo, na hayo huharibu kwa siku chache; homa, vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu au kikohozi kikavu na kukosa pumzi ukiwa kwenye methotreksati; jicho jekundu linalouma; shingo inayouma pamoja na mikono au miguu kuishiwa nguvu; maumivu ya kifua. Na uliyoyapata mwaka jana baada ya kuacha dawa, kama bado hujarudishwa kwenye tiba kamili, ni sababu tosha ya kwenda wiki hii. Siwezi kukupima kwa barua, na mwenye haki ya kubadilisha dawa zako ni aliyekugusa vidole.

Jirani akikuuliza hujambo, mjibu sijambo, hujamdanganya. Daktari akikuuliza, jibu vivyo hivyo kwa adabu, kisha toa ile karatasi yenye "ila" uiweke mezani kabla hajaandika. Mumeo akiwa amekaa pembeni, itakuwa vizuri zaidi. Ugua pole, dada.